Ukurasa wa Kofia za Bibi, na Nilivyouzamisha

Zuwena mwanangu,

Mama yako yuko chumbani kwako anafunga begi lako kwa mara ya tatu, na nyinyi wawili mnabishana kama vileja viende kwenye begi la mkononi au kwenye lile kubwa. Mimi nimefukuzwa. "Hebu tupishe, Baba Zuwena, huna unachosaidia hapa." Basi nimekuja kukaa dukani kwangu hapa Sib, Maskati, nimefunga mlango na Alasiri haijaadhiniwa, nimewasha kiyoyozi, naandika juu ya meza ya kukatia vitambaa. Mambo ya pasipoti, dawa, baridi ya ndani ya ndege na namba ya rafiki yake shangazi yako kule Kuala Lumpur, mama yako ameshayamaliza. Hakuniachia hata moja, na sina la kuongeza.

Langu ni jingine. Juzi tulipokuwa tunakula cha mchana, Ami yako Nassor alikuuliza kwa nini umekwenda kuchagua famasia, na wewe mtoto wa michoro na sindano. Ukamjibu bila kuinua macho: "Yale yalikuwa ya kitoto, Ami. Niliandika, watu wakasoma kidogo, wakachoka. Ukurasa wangu wa mtandaoni ukazama. Ungekuwa mzuri usingezama." Nassor akacheka, akajichotea mchuzi. Mimi nikafinyanga tonge jingine. Ilikuwa nafasi ya kusema, nimeletewa mpaka kwenye sinia, na nikanyamaza kama nilivyonyamaza miaka miwili.

Ukurasa wako haukuzama kwa ubaya. Mimi ndiye niliyeuzamisha. Haya, nimeshaandika, na kwa kalamu ya wino, siwezi kufuta.

Sasa nisikilize tangu mwanzo, maana hata mimi mwenyewe sijapata kujihadithia jambo hili kwa mpango.

Ulikuwa na miaka kumi na tano ulipoanza kwenda kukaa na Bibi yako Shekha kila Ijumaa, yeye na kofia yake gotini, wewe na simu yako. Ukipiga picha kila kitobo. "Bibi, hapa kwa nini umezungusha uzi mara mbili?" Na mama yangu, ambaye mimi mwanawe hajapata kunieleza kitu bila kuninyanyapaa, akikujibu kwa upole: "Nisipozungusha mara mbili, mjukuu wangu, kitobo kitalegea, na mtu atakuja kuvaa kofia imemkunjamania kichwani mbele za watu." Ukayaandika vile vile alivyosema, kwa Kiswahili chake, halafu kwa Kiarabu, halafu kwa Kiingereza. Kila mshono na jina lake, picha zake, na sababu yake. Ulimaliza kumi na moja. Bibi alikuwa akisema iko ishirini.

Mimi nilikuwa nacheka. Nilisema mtoto anacheza. Halafu siku moja mteja, mgeni kabisa, akaja hapa dukani na picha ya mshono kwenye simu yake akitaka kofia ya namna hiyo. Nikatazama picha, nikaona kidole gumba cha mama yangu. Nikamuuliza ameipata wapi. Akaniambia ametafuta tu mtandaoni kofia za mkono za Maskati, na ukurasa wa kwanza kumtokea ulikuwa huo.

Siku ile nilikaa na simu mpaka macho yakaniuma. Nikiandika "kofia Maskati," wewe unatokea juu. Duka langu, lenye miaka ishirini na mbili na mlango unaojulikana Sib nzima, halitokei. Nikasogeza chini, nikaenda ukurasa wa pili, wa tano, wa kumi. Wapi! Maduka ya watu walioanza jana yapo, kuna hata mmoja anayeuza kofia pamoja na vikaango, naye yupo. Mimi sipo. Nikaghadhibika. Na nitakwambia kilichonighadhibisha zaidi, ijapokuwa ni aibu baba kukisema: nilikuonea wivu, wewe, mtoto wangu wa kumzaa.

Nikakuuliza siri yake. Ulikuwa umekaa pale pale kwenye kiti cha wateja, unakumbuka?

"Baba, kwani tovuti yako nani ameitaja?"

"Aitaje nani? Watu wananijua mimi."

"Watu wanakujua. Mtambo wa kutafutia mtandaoni haukujui. Hauwezi kuingia dukani ukashika kofia ukaona hii nzuri, hii mbaya. Unatazama kurasa nyingine, ni zipi zimeweka linki ya kuja kwako. Kila linki ni mtu amekushuhudia."

"Basi ni kura."

"Si kura, maana kura zote sawa. Hizi hazilingani." Ukanipa mfano. "Alipokuja mtu kumposa dada Asya, mlikwenda kumuulizia kwa nani?"

"Kwa imamu wa msikiti wao. Na kwa yule jirani yao waliyegombana naye habari za ukuta."

"Kwa nini hamkumuuliza mama yake?"

"Mama yake angesema nini zaidi ya kuwa mwanawe malaika?"

"Ehe. Na neno la imamu lilikuwa zito kwa nini?"

"Kwa sababu naye watu wanamshuhudia."

"Basi umeshaelewa, Baba. Ukurasa unaotajwa na wengi, ukikutaja wewe, neno lake zito. Na mtu anayemsifu kila anayepita njiani, sifa yake inagawanyika, kila mmoja anaambulia chembe. Halafu mtambo unasoma na maneno yaliyomo, kama kweli yanazungumza kile mtu anachokitafuta. Mimi nimetajwa na mwalimu mmoja wa kushona huko Ulaya, halafu makumbusho moja ikamtazama yeye ikanitaja na mimi. Sikumwomba mtu."

Nikakuuliza dawa. Ukasema, "Andika, Baba. Kila kofia andika nani kaishona na imechukua siku ngapi. Watakutaja wenyewe." Na Bibi yako, nilipompelekea habari hii, akamalizia kwa lile neno lake: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nimelichoka neno hilo, mwanangu, na nilikuwa nimelichoka hata siku ile. Nimeona vizuri vikiliwa na nondo humu kabatini na vibaya vikigombewa mlangoni. Mtu amekaa miezi mitatu anatoboa na kuzungusha uzi, halafu anakuja bwana anaitazama kofia dakika moja, anaiweka, ananunua ya mashine kwa kuwa nyeupe zaidi. Nani atanikalisha kitako niandike hadithi za kila kofia? Nilitaka kuonekana wiki ile ile.

Katika maneno yako yote, basi, mimi nilishika moja tu. Mashahidi. Nikajiambia, mashahidi tu? Mimi nina ukoo mzima!

Nikafungua kundi letu la familia kwenye simu, nikapeleka sauti. Nadhani uliisikia na ukadhani mzaha. "Jamaa zangu, nnakuombeni, kila mwenye tovuti ya kazi yake aniwekee linki ya duka, na mimi nitamwekea yake. Tusaidiane." Unaujua ukoo wetu. Kwetu sisi mtu akikualika harusi hukosi, kwa sababu yako nayo inakuja, na asiyekuja hutajwa mpaka siku ya hitima yake. Nani angekataa? Siku tatu hazikupita. Nassor akaniweka kwenye tovuti ya gereji yake ya Mabela, chini ya kubadilisha oili na juu ya breki. Shangazi yako Rukia akaniweka kwenye ya chekechea yake ya Azaiba, baina ya nyimbo za watoto na ratiba ya uji. Shemeji wa Unguja kwenye nyumba yake ya wageni. Binamu wa Dar es Salaam kwenye pampu za maji. Na wote kwa maneno yale yale niliyowaandikia mimi, neno kwa neno: kofia bora za mkono Maskati. Mimi nami nikawalipa fadhila, nikawapanga wote chini ya tovuti yangu, ikawa mtu akija kutafuta kofia ya Idi anaoneshwa pampu.

Ukicheka hapo una haki. Mimi sikucheka. Wiki chache nilipanda kidogo, nikalewa. Nikataka zaidi.

Zaidi ilikuwa yako. Ulipofungua ukurasa ulikuwa mdogo, tukaandikisha namba yangu ya simu, kwa hiyo ufunguo wote ulikuwa kwangu. Wewe ulikuwa umejifungia na mitihani ya mwisho wa mwaka, husikii wala huoni. Nikakaa hapa hapa nilipokaa sasa, nikafanya ulivyonifundisha mwenyewe nilipobadilisha jina la tovuti ya duka: nikaelekeza anwani yako ije moja kwa moja dukani kwangu. Mtu akifungua mishono ya Bibi, anafika kwenye kofia zangu. Nilijiambia, nyumba moja, jina moja, cha mtoto na cha baba kina tofauti gani? Yule mwalimu na ile makumbusho watakuwa wananishuhudia mimi. Nilijiambia pia sikukuuliza kwa kuwa sitaki kukusumbua na masomo. Uongo. Sikukuuliza kwa sababu nilijua utasema hapana.

Na walipofika hao watu, Zuwena, walikuta nini? Picha yangu kubwa ya juu ilikuwa ya kofia za mashine. Za Bibi mimi siuzi, anashona mbili kwa mwaka. Walikuja kutafuta mikono ya mama yangu, nikawapa kiwanda.

Mwalimu yule aliandika. Barua yake ilikuja kwa anwani yako, ikaingia kwangu. Alikuwa na adabu. Aliuliza ukurasa umekwenda wapi, akasema anausomesha darasani kila muhula, kwamba hajaona mahali pengine mtu ameeleza sababu ya kila mshono kwa sauti ya mshonaji mwenyewe. Akauliza kama mwandishi hajambo. Akauliza kama wanafunzi wake wanaweza kumwandikia bibi huyo maswali. Sikumjibu. Wiki mbili baadaye akaandika tena, mistari minne, kwamba amesikitika kuona mahali pale pamekuwa duka, na kwa hiyo ameondoa kiungo chake na amewaarifu watu wa makumbusho.

Haikupita muda, na duka langu nalo likaanguka. Si kushuka, kuanguka. Nikiandika jina langu kamili na la mtaa, silioni. Mtambo ulishaona watu wale wale wanaosifiana wenyewe kwa wenyewe, maneno yale yale, yamewekwa siku zile zile, gereji na chekechea na pampu wote ghafla wamekuwa wajuzi wa kofia. Ndiyo mama wa bwana harusi anasema mwanawe malaika. Ushahidi wote ukatupwa.

Nikalalamika. Nikajaza fomu ya kuomba nitazamwe upya, nikajibiwa na barua isiyo na jina la mtu, nikajaza nyingine, nikajibiwa barua ile ile. Hasira yake siwezi kukueleza. Ofisini kwa serikali utapanga foleni, utaambiwa njoo Jumapili wiki ikifunguka, lakini mwisho utapata mtu wa kugombana naye. Huku hakuna dirisha, hakuna karani, hakuna hata mlango wa kuupiga teke. Nikamgombeza Nassor badala yake, kwa kuwa alishauri tuwaongeze na wakwe.

Nikauondoa ule mwelekezo, ukurasa wako ukarudi mahali pake, picha zote, maneno yote, salama. Nikajipongeza kwamba umemaliza mitihani hujajua. Lakini mashahidi walikuwa wameshaondoka.

Ukaja siku ya tatu baada ya mtihani wa mwisho. Mimi napanga kofia kwa vipimo. "Baba, ukurasa wangu umeshuka sana. Umeona?"

"Mitandao ndivyo ilivyo, mwanangu. Leo uko juu, kesho hupo."

Ukasema: "Labda haukuwa mzuri tangu mwanzo."

Nilikuwa na neno moja tu la kusema pale. Nikakuuliza kama umekula.

Hicho ndicho ninachokilia, wala si duka. Duka lipo, wateja wa mlangoni wapo, riziki ni ya Mungu. Lakini kuanzia siku ile hukwenda tena na simu chumbani kwa Bibi. Ijumaa ya kwanza alikungoja na sindano ameshaitunga. Ya pili akaniuliza, "Zuwena kanikasirikia?" Nikamwambia una masomo. Ukaniuliza wewe, Bibi anasemaje, nikakwambia amechoka, mwache apumzike. Nikakaa katikati yenu nikiwadanganya wote wawili ili msije mkakaa pamoja mkalinganisha habari za ukurasa, mkajua.

Na macho ya Bibi hayangojei. Unajua hali yake sasa, daktari ameshasema lake. Usilolijua ni kwamba mwezi uliopita nilimpelekea kofia mbichi, bado haijashonwa, na sindano, nikamwomba anioneshe mshono mmoja tu katika ile tisa iliyobaki, nikidhani nitapiga picha mimi nikuletee, nijisafishe. Akapapasa kitambaa kwa kidole gumba. Akajaribu. Akajichoma, akajaribu tena, akajichoma pale pale. Akanirudishia. "Ungeniletea Zuwena nilipokuwa nnaona," akasema. Hakusema kwa hasira, na mimi ningependa angesema kwa hasira.

Nimejiuliza ni mafunzo gani nikupe hapa, kwa kuwa baba akiandika barua hutakiwa awe nayo. Ninalolijua ni hili dogo. Nimelelewa katika ukoo unaosifu. Tangu nizaliwe nimeambiwa mimi fundi, mimi mwerevu, duka langu halina mfano, na wanaoniambia ni watu ninaowaambia wao hivyo hivyo. Mapenzi yetu ni ya kweli, usidhani ninayadharau. Ila nilichukua mapenzi nikayatoa kama ushahidi, na hayakuumbwa kwa kazi hiyo. Na yule mwalimu niliyemwita adui moyoni mwangu, mwanamke asiyetujua, ndiye peke yake aliyegundua mapema kwamba kitu chako hakipo. Sisi wa damu yako hakuna aliyegundua. Mimi niliyejua, nilijua kwa kuwa nilikiiba.

Barua zake mbili nimezichapisha, zimo ndani ya bahasha hii. Soma ya kwanza mara nyingi. Uliandika kitu ambacho mtu wa mbali alikitegemea kusomeshea, na ulikuwa na miaka kumi na tano. Wiki iliyopita nimemwandikia. Kiingereza changu unakijua, Asya alikinyoosha kidogo, naye nimemwapisha asikwambie kabla yangu. Nimemweleza kuwa mwandishi hakufanya kitu, aliyefanya ni baba yake. Hajajibu. Huenda asijibu. Nimewaomba jamaa wote waondoe viungo vyao, na kwenye kundi nitasema sababu kesho, nikishakuwa na hakika wewe umetangulia kuijua. Ufunguo wa ukurasa wako nimeuandika nyuma ya karatasi hii. Namba yangu nimeitoa, weka yako.

Sikwambii uache famasia. Kama unaipenda, isome mpaka mwisho. Ila usiisome kwa sababu ulidhani mikono yako haikufaa kitu kingine, maana hilo ulilidhani kwa uongo wangu.

Nilitaka kukutilia barua hii ndani ya begi, uikute huko. Kisha nikaona ukiisomea ndani ya ndege mimi nitakuwa nimekimbia tena. Kwa hiyo naileta nyumbani sasa hivi, naiweka juu ya kitanda chako kabla ya Magharibi. Nitakuwa barazani. Ukitaka kuja kupiga kelele, njoo. Mama yako atatoka kusuluhisha, atakwambia huyu ni baba yako na safari ni kesho, msamehe. Usimsamehe mtu kwa sababu ya safari.

Na kesho uwanja wa ndege, watakuwepo wote, desturi yetu unaijua. Anayesafiri humwendea mzee wake, akainama, akabusu mkono, akaomba radhi ndipo aondoke. Hili ndilo lililonileta kwenye meza hii. Nimejiona nimesimama pale, mkono nimeunyoosha, na wewe unainama mbele yangu kuniomba mimi nikuridhie, wewe usiyenikosea kitu. Sikuweza kulifikiri hilo mpaka mwisho.

Kesho usiiname. Ukitaka kupita bila kunishika mkono mbele ya ukoo mzima, pita, na nitamjibu mimi kila atakayeuliza. Radhi zangu unazo zote, za leo na za siku zote. Zako ndizo nisizokuwa nazo.

Baba yako,
Humud